Wembe Uliokataa Kukauka

Asubuhi ile Rosaria alikuta wembe una maji.

Hayakuwa maji mengi. Yalikuwa matone matatu au manne, yametulia kwenye chuma karibu na mpini, na kitambaa chekundu kilichokuwa chini yake kimelowa kidogo. Mtu mwingine asingeona kitu. Lakini Rosaria alikuwa ameukausha wembe ule jana yake jioni kwa mkono wake mwenyewe, akaupaka mafuta, akauacha wazi juu ya kitambaa kama alivyofanya kila siku kwa miezi mitano, na mvua zilikuwa bado kuanza. Aliinua macho kwenye nyasi za paa, zilikuwa kavu. Akautazama mtungi wa maji, ulikuwa kona nyingine kabisa, umefunikwa. Akajiambia ni umande tu, akaufuta wembe kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kama alivyofundishwa, akaenda zake sokoni na kapu la samaki. Kesho yake aliyakuta tena.

Wembe ulikuwa wa mumewe Jairos, ambaye Kashikishi yote ilimwita Kwafere. Neno hilo alikuja nalo kutoka Katanga, alikonyoa wachimba shaba kwenye kambi ya mgodi kwa miaka saba, maana kule kinyozi ndivyo anavyoitwa. Kule kule ndiko alikomwoa Rosaria, na ndiyo maana nyumbani mwao walisema Kiswahili cha kambini huku majirani wote wakisema Kibemba. Mwaka wa hamsini na mbili alirudi kwao, ufukoni mwa ziwa Mweru, na vitu vitatu: mke, kiti cha mbao chenye mgongo unaolala, na wembe wa mpini wa pembe. Watu wa Kashikishi, ambao hawakosi la kusema, walisema kwamba kwa mapenzi wembe ulikuwa wa kwanza na mke wa tatu. Rosaria alikuwa akicheka nao, maana hawakuwa mbali sana na ukweli.

Jairos alikuwa mtu mkimya, ila ukimgusia wembe utajuta, hamalizi. Angekueleza kwamba chuma cha wembe ni chepesi kudhurika kuliko jicho. Ukishanyoa, uusuuze kwa maji safi mpaka sabuni yote itoke, uukaushe, halafu uuache wazi upigwe na hewa kwa muda wa mtu kumaliza kiko kimoja. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani, upake kwa unyoya wa kuku. Mafuta ya mawese hapana, yanaganda na kuchacha. Mafuta ya samaki usiyataje mbele yake. Usiuweke kwenye ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuurudisha kwenye chuma polepole. Tena usiuguse kwa mkono uliokuwa kwenye chumvi, na Kashikishi ni nani asiyeshika chumvi? Rosaria, aliyekuwa akitia samaki chumvi kutwa nzima, alilazimika kunawa mpaka kwenye viwiko kabla hajaruhusiwa kuusogeza wembe hata kwa kidole. Juu ya yote hayo, usiufunge ungali na maji. Maji yakiingia kwenye mpini kitambaa hakiyafikii, na kutu huanzia ndani, huko usikokuona, na siku utakayoiona wembe umekwisha kufa.

Sokoni palikuwa na desturi yake, ilianza kwa mzaha ikageuka kuwa sheria. Ukipita penye kiti cha Kwafere usimkute, unatazama kitambaa chekundu. Wembe ukiwa wazi, Kwafere yuko karibu, kaa umngoje. Ukiwa umefungwa, kazi imekwisha, rudi kesho. Na mteja wa mwisho wa siku alikuwa na heshima yake. Jairos alimaliza kumnyoa, akamshikia kioo, akamwuliza, "Iko muzuri?" Mteja akijibu, "Iko muzuri, Kwafere. Funga," basi wembe ulifungwa kwa mlio mdogo ambao wanawake wa samaki walikuwa wakiungojea ili nao wafunge vikapu vyao.

Siku aliyokufa alikuwa na haraka. Alialikwa kunyoa wanaume wa harusi kule Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Katanga, mtumbwi wa injini ulikuwa unamwita, na yeye ndiyo kwanza alikuwa amejinyoa mwenyewe. Akatia mfukoni wembe wake mdogo wa safari, ule mkubwa akauacha juu ya kitambaa, umelowa. Alisema akiwa mlangoni, bila hata kugeuka, "Rosa, ukaushe, upakale mafuta, ufunge. Mi nakwenda." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na Rosaria aliyashika kuliko sala. Upepo uliupindua mtumbwi katikati ya ziwa. Walipata mtumbwi, wakapata maiti wawili wa watu wa Mununga, Jairos hawakumpata.

Rosaria aliukausha wembe. Akaupaka mafuta. Kuufunga hakuufunga. Alijiambia Jairos ataufunga mwenyewe akirudi, na baada ya mwezi wa kwanza hakujiambia kitu tena, aliuacha tu wazi.

Mwezi wa nne Kalaba, kaka wa Jairos, alitoka Mununga kuja kuzungumza naye. Alikuja kwa adabu, akaketi nje, akaeleza kwamba ndugu wanataka kumnyoa mjane nywele kama ilivyo desturi, kisha mupashi wa Jairos, yaani roho yake, ipewe mtu wa ukoo atakayerithi jina, ili ipate pa kukaa. Rosaria alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba hajaona maiti, kwa hiyo hajafiwa, na hakuna atakayemgusa kichwa. Kalaba alimtazama kwa huruma, akamwachia mtoto samaki wawili, akaondoka.

Huyo mtoto ndiye kitu pekee Rosaria alichobaki nacho. Aliitwa Chilufya, msichana wa miaka mitano, mwenye nywele nzito ambazo baba yake, au tata kama mtoto alivyomwita, alikataa katakata kuzinyoa. Alisema anazitazama zikue, ni mapumziko yake.

Basi maji yalirudi siku ya tatu na ya nne. Siku ya tano yalikuja na harufu mbili ambazo hazikuwahi kukaa pamoja katika nyumba ile, harufu ya sabuni ya kunyolea na harufu ya tope la chini ya ziwa, lile jeusi linalopanda na nanga. Kwenye chuma palikuwa na doa dogo la kutu. Rosaria alilisugua kwa jivu laini na mafuta mpaka likatoka, akijilaumu kwa uzembe. Na hapo, kwenye kitambaa, ndipo alipoona nywele. Zilikuwa fupi fupi, nyeusi, mbili tatu zina mvi, zimeshikana na povu lililokauka. Ndevu za mtu.

Mtu mwingine angepiga kelele. Rosaria alikaa chini akalia kwa furaha, na mimi siwezi kumcheka. Alizijua zile mvi, alikuwa akizihesabu kila Jumapili na kumtania mwenyewe nazo. Jairos alikuwa anakuja alfajiri kujinyoa, alivyofanya siku zote. Kuanzia siku hiyo alimwekea bakuli la maji safi, brashi na kipande cha sabuni, na asubuhi alipokuta povu kwenye bakuli alijiona ni mke wa mtu tena. Sokoni walimwona anacheka. Walidhani amepata mchumba.

Wiki moja ilikwenda hivyo. Halafu ndevu zikakoma. Maji yalikuwepo, tena mengi zaidi, yanatiririka mpaka sakafuni, lakini nywele hakuna. Rosaria alihuzunika, akadhani amemkosea. Hakufikiri jambo ambalo mke wa kinyozi angepaswa kulijua kabla ya watu wote, kwamba kinyozi akishajinyoa mwenyewe huwa tayari kupokea wateja.

Mchana mmoja, saa sita, jua limesimama juu ya Kashikishi na hata kuku wamejificha, alisikia mkanda. Mkanda wa ngozi wa kunolea ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na mlio wake anaujua hata akiwa usingizini, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mara ishirini, kisha kimya kidogo cha mtu anayejaribu makali kwenye ukucha. Alitoka jikoni polepole. Mkanda ulikuwa unabembea peke yake. Chini yake palikuwa na maji, na kwenye maji alama za nyayo zilizoelekea kwenye kile kiti, zikaishia nyuma yake, pale anaposimama mnyoaji.

Alimwita kwa sauti ndogo. Harufu ya tope ilizidi mpaka ikambidi afunike pua.

Kesho yake alijilaza kidogo baada ya kuanika samaki, akasinzia, na katika usingizi akahisi kidole gumba kikimkandamiza nyuma ya sikio la kushoto, kikigeuza kichwa chake taratibu upande wa ukuta, kwa ule ustadi alioujua, ila kidole kilikuwa cha baridi na laini kupita kiasi, laini ya kitu kilichokaa majini miezi, na alipotaka kugeuka akashindwa, na alipotaka kufumbua macho akasikia karibu kabisa na fuvu lake mlio mdogo wa makali yakitembea, yakisimama, yakitembea tena, mpaka maji ya baridi yakamshuka shingoni na ndipo akaamka. Alipeleka mkono kichwani. Kuanzia sikio la kushoto hadi kisogoni palikuwa na njia iliyonyolewa, upana wa vidole viwili, laini, bila mkwaruzo. Jairos siku zote alianzia hapo.

Sasa niseme lililo baya zaidi kuliko mzimu, kwa sababu Rosaria mwenyewe alilisema baadaye mbele ya watu. Alifurahi. Aliogopa, lakini chini ya hofu alifurahi kwamba ameguswa. Alijifunga kitambaa kichwani, hakumwambia mtu, na jioni akaupaka wembe mafuta kwa uangalifu kuliko siku zote.

Siku mbili baadaye alirudi kutoka ziwani saa ya mchana na beseni la samaki kichwani, na kabla hajafika mlangoni alijua, kwa sababu mkanda ulikuwa unalia na ulikuwa umefika mwisho wa mara ishirini, na alipolitupa beseni na kuingia alimkuta Chilufya amekaa kwenye kiti cha baba yake, miguu haifiki chini, amefungwa kitambaa cheupe cha wateja shingoni kwa fundo lile lile la nyuma ambalo mtoto wa miaka mitano hawezi kujifunga, kidevu kimeinuliwa juu kana kwamba kuna mkono unaokishikilia, amepakwa povu kuanzia paji la uso, na maji, maji ya rangi ya tope, yakimdondokea begani tone baada ya tone kutoka hewani mahali pasipo na kitu. Njia moja kutoka sikio la kushoto ilikuwa imekwisha kunyolewa. Nywele zake nzito zilikuwa zimelala sakafuni.

"Mama, usiseme," mtoto alinong'ona bila kusogeza mdomo. "Tata anasema nisitingizike. Wembe itanikata."

Rosaria alimnyakua. Mtoto alitingishika, na kweli wembe ukamkata, kidogo tu, chini ya sikio, uzi mwembamba wa damu. Walipokuwa mlangoni Rosaria aligeuka mara moja. Wembe ulikuwa juu ya kitambaa chekundu, mahali pake, wazi, umejaa povu. Kiti kilikuwa kinainuka taratibu mgongo wake, kama kinavyoinuliwa kumngoja mteja arudi.

Alikimbia na mtoto mpaka kwa Mama Kasonde. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, mwenye kikohozi cha moshi, anayekausha samaki kwenye vichanja siku sita za wiki na kuimba kanisani siku ya saba. Mambo ya roho aliyarithi kwa bibi yake bila kuyataka, na mchungaji wake alikuwa akijifanya hajui. Aliifuta damu ya Chilufya, akaitazama ile njia kichwani, kisha akamwambia Rosaria avue kitambaa. Aliitazama na ya pili kwa muda mrefu.

"Ile wembe iko wazi ao imefungwa?" aliuliza.

"Iko wazi."

"Toka siku gani?"

Rosaria aligeuka akatazama ziwani.

"Ni weye njo unamuita," alisema Mama Kasonde, sauti imeshuka. "Wembe wazi ni kusema kwafere iko karibu. Soko yote inajua, na yeye anajua. Ulimuweka ku kazi miezi mitano, ndugu yangu. Mutu amekufa, hana ruhusa ya kupumzika."

Rosaria alijitetea kwa sauti ya mtoto aliyekosa. Alieleza kwamba hata angetaka hawezi kuufunga, maana kila asubuhi una maji, anakausha yanarudi, na Jairos alikataza kabisa kuufunga ungali na maji. Mama Kasonde alikohoa, akatikisa kichwa. Akasema maji yale hayatakauka hata uyafute mpaka Krismasi, kwa sababu ndiyo maji yaliyomchukua, anakuja nayo. Wembe utafungwa nayo hivyo hivyo. Ila kwanza kuna kazi iliyoanzwa. Jairos hakuwahi kumwacha mteja nusu kichwa, na sasa amefungua vichwa viwili. Cha mtu mzima akikimaliza na kuambiwa kazi imekwisha, cha mtoto atakiacha. Asipokipata cha mtu mzima, atakifuata cha mtoto popote kilipo, na mzimu wa namna hii haunyoi nywele tu.

"Utaikala mu kiti," alisema. "Usiangalie mu kioo. Akikuuliza, umujibu kama mutu wa mwisho. Unajua neno."

Rosaria alilijua neno. Alisema hawezi kulisema. Mama Kasonde hakumbembeleza, alimgeuzia tu mtoto upande wenye kidonda.

Walimtumia Kalaba ujumbe, akafika siku ya tatu kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku hizo zote Chilufya alilala kwa Mama Kasonde katikati ya vichanja, na kila mchana saa sita alikuwa akiinua kidevu chake mwenyewe, bila kujua, akatulia hivyo mpaka mtu amshtue.

Jumamosi, jua likiwa juu, Rosaria aliingia nyumbani kwake. Kalaba alisimama mlangoni kwa niaba ya ukoo, Mama Kasonde uani na mtoto mgongoni. Kioo walikigeuza ukutani. Rosaria alivua kitambaa, akaketi kwenye kiti, akafumba macho, na mkanda ukaanza.

Mara ishirini. Kimya cha ukucha. Kisha mgongo wa kiti ukalala naye, na harufu ya tope ikaja juu yake, na brashi ikapita kichwani kwa mizunguko midogo midogo kama zamani siku za Jumamosi kambini, na gumba lile la baridi likashika nyuma ya sikio, na wembe ukaanza pale ulipokuwa umeachia, njia ya pili, njia ya tatu, bila haraka, maji yakimshuka mgongoni na kujaa kwenye kiti na kudondoka sakafuni mpaka Kalaba, pale mlangoni, akainua mguu mmoja kisha mwingine, na Rosaria akahesabu kila njia kwa sababu alijua zinatakiwa njia ngapi, na alitaka ziishe, na alitaka zisiishe, na zilipobaki mbili akagundua kwamba hamwogopi tena hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha. Njia ya mwisho ikaisha. Makali yakashuka shingoni, yakalala kooni mwake, yakatulia.

"Iko muzuri?"

Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa na maji ndani, lakini ilikuwa yake. Angesema "bado" angemrudisha kwenye sikio la kushoto, na angekuja kesho, na kesho kutwa. Nje, Chilufya alikohoa kwa moshi wa nguo za Mama Kasonde.

"Iko muzuri, Kwafere," alisema Rosaria. Neno la pili lilikataa. Makali yalingoja pale kooni, yakaanza kuwa mazito, na tone likamwangukia mdomoni, halikuwa na chumvi, lilikuwa maji ya ziwa. "Funga," alisema.

Makali yakaondoka. Hakusikia ule mlio mdogo. Alisikia kitambaa kikifuta, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, taratibu, halafu tena, halafu haraka, halafu haraka zaidi, kufuta na kufuta na kufuta, na pumzi ya mtu anayehangaika.

"Rosa," sauti ilisema nyuma yake. "Haikauke."

Katika maisha yake yote Rosaria hakuwa amemsikia Jairos akiomba msaada. Aliinuka, macho yamefumbwa, akageuka. Kalaba alisema kwa hofu asifanye hivyo, hakumsikia. Alinyoosha mikono mbele, mikono ambayo hakuwa ameinawa, ingali na chumvi ya samaki, akapapasa hewa ya baridi mpaka ikagusa vidole vilivyokuwa vimeshika wembe. Aliviacha vimkae mkononi kwa muda mfupi. Kisha akauchukua wembe kutoka kwake.

"Leta, mi nitafunga," alisema. "Kazi imeisha. Enda kulala, tata wa Chilufya."

Akaufunga. Maji yalimtoka kati ya vidole yakamwagika miguuni, mengi, kuliko wembe unavyoweza kubeba, mpaka yakafika mlangoni na kutoka nje kwenye jua. Mlio wa wembe kufungwa waliusikia wote, hata Mama Kasonde kule uani. Rosaria alipofumbua macho palikuwa na kiti, na mkanda uliotulia, na Kalaba analia amesimama. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, bila mkato hata mmoja.

Mama Kasonde aliuviringisha wembe katika kitambaa chekundu kilicholowa, akautia kwenye kopo pamoja na gao la chumvi, akauzika nyuma ya nyumba. Alimwambia Rosaria afukue mvua zikiisha. Ukiwa umekula kutu, Jairos amekwenda. Ukiwa unang'aa, asiuguse, aje amwite haraka. Kabla Kalaba hajarudi Mununga ndugu walikutana, jina likapewa kijana wa ukoo, na matanga yakalaliwa kama yanavyotakiwa. Chilufya aliacha kuinua kidevu. Pale chini ya sikio lake pakabaki kovu jembamba, na nywele za njia ile ziliota upya, laini kuliko nyingine.

Mvua zilikuja, zikanyesha mpaka ziwa likapanda kwenye vichanja vya Mama Kasonde, zikaisha Aprili. Rosaria alikuwa na nywele tena, fupi. Asubuhi moja, mtoto akiwa amelala, alikwenda nyuma ya nyumba na jembe dogo. Watu wangemwona wangedhani anakwenda kuhakikisha kwamba yuko salama, na kwa nusu moja ya moyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwenye fundo la kitenge chake alikuwa amefunga kichupa cha mafuta ya cherehani na unyoya wa kuku, na alikuwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Kopo lilitoka. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeoza, kikabaki kwenye vidole vyake. Wembe ulikuwa mwekundu wote, kutu imevimba mpaka ndani ya mpini na kuipasua ile pembe. Alijaribu kuufungua kwa ukucha. Kipande cha chuma kilibanduka kikaanguka kwenye udongo, na wembe haukufunguka. Alimjua mtu aliyekuwa akiamka usiku kuzuia doa dogo kuliko hilo. Asingeuacha hivi kama angekuwa anaweza kuja.

Rosaria aliketi pale chini na kulia, zaidi ya siku walipoleta mtumbwi bila Jairos. Alipomaliza alinawa mikono tena, akaikausha. Akafungua kichupa, akatia tone moja juu ya kutu, akalipaka kwa unyoya, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali.